Mashua ya Jahazini: kutoka Sur na Unguja mpaka mtaa wa Yide Lu



Wengi wenu mliokwenda Guangzhou kununua bidhaa mnaujua mtaa wa Yide Lu, hata kama jina halikukaeni kichwani. Ni ule mtaa ulio hatua chache kaskazini ya Mto Lulu, unaoanzia karibu na uwanja wa Haizhu na kuelekea magharibi, wenye lile kanisa kubwa la mawe lililojengwa baina ya 1863 na 1888. Upande mmoja kuna harufu ya bahari iliyokaushwa: majongoo ya pwani, mapezi ya papa, mabondo ya samaki, kamba wakavu kwenye magunia. Upande mwengine kuna maduka ya jumla ya vitu vya watoto, mapambo ya harusi, karatasi za zawadi na kila aina ya urembo wa kuweka sebuleni.

Katika duka moja la urembo nilinunua jahazi la mbao lenye urefu wa dhiraa moja, tanga zake za kitambaa, nikampelekea ami yangu Maskati. Ami alizaliwa Malindi ya Unguja, na utotoni mwake aliyaona majahazi ya musim yakifunga Funguni. Alilishika, akaligeuza, akalitazama omo na tezi, kisha akaniuliza, "Mashua yake iko wapi?"

Nikamwambia kulikuwa na kijidau kidogo juu ya sitaha, kimebanduka gundi, nimekitia mfukoni.

"Hicho si kidau, mwanangu. Dau ni dau. Hiyo ni mashua. Jahazi bila ya mashua haliwezi hata kuteka maji ya kunywa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Sisi tuliokulia Ghuba tunajua majina ya majahazi makubwa, kwa sababu yamewekwa kwenye makumbusho na kwenye picha za hoteli: ghanja, baghala, bumu, sambuki, bedeni. Chombo kidogo kilichobebwa juu yake hatukijui, wala hakikuchorwa vizuri. Na bila ya hicho kidogo, lile kubwa lingekuwa nyumba inayoelea tu, isiyo na mlango.

Tuanze na majina. Mashua, kama wazee wa Kuwait na Sur wanavyosema, ilikuwa chombo cha mbao za kuunganishwa, chenye makasia ya watu kadhaa na mara nyingi mlingoti mdogo na tanga lake. Neno hilo tunalo sisi, wanalo Waarabu wa Ghuba, na asili yake inatafutwa pwani ya magharibi ya India, ambako kuna chombo kinachoitwa machwa. Leo Unguja na Tanga mashua ni chombo kinachojitegemea, cha uvuvi au cha abiria, na watu wamesahau kwamba kilikuwa pia mtoto wa jahazi. Kisha kuna hori, gogo lililochongwa la kutoka Malabar, jepesi, la mtu mmoja au wawili, la kwenda mbio kuuliza habari na kurudi. Kiswahili kimeliweka neno hili hata kwa chombo cha kunyweshea ng'ombe, na ukiliona hori la ng'ombe utafahamu kwa nini. Waarabu wana pia jalbuti, iliyo kubwa zaidi, ambayo ikiachiwa peke yake nayo huwa jahazi dogo.

Jahazi la safari ndefu lilichukua mashua moja kubwa, na likijiweza, mashua ndogo au hori pamoja nayo.

Sasa kazi zake. Jahazi lililosheheni tende au chumvi au boriti huzama kina kirefu, na pwani yetu ni ya miamba na maji yanayojaa na kupwa. Kwa hiyo jahazi hutia nanga mbali, na baina ya nanga na mchanga kuna maji ambayo lazima yavukwe. Nahodha huvaa kanzu safi na kilemba, akateremka kwenye mashua, mabaharia wakapiga makasia kwa nyimbo, ili watu wa mji wajue jahazi la nani limefika. Mapipa ya maji huenda matupu na kurudi yamejaa. Kuni, mbuzi, samaki, barua, mgonjwa wa kupelekwa kwa tabibu, maiti wa kuzikwa pwani, wote njia yao ni hiyo.

Pakiwa na shwari, upepo umekufa na mkondo unalivuta jahazi kuelekea mwamba, mashua hutiwa majini, kamba ikafungwa omoni, na watu wanane au kumi wakaanza kulifungasa jahazi zima kwa makasia. Ni kazi ya kuvunja mgongo. Jahazi la mizigo halivutiki kama mtumbwi. Linasogea dhiraa kwa dhiraa, na ukiacha kupiga kasia linarudi. Na kama kufungasa hakutoshi, kuna njia nyengine ambayo ami aliieleza kwa mikono yake miwili juu ya meza ya kahawa. Nanga hupakiwa ndani ya mashua, mashua hukasia mbele mpaka amari imekwisha, nanga ikatupwa kule. Kisha walio juu ya jahazi wanaivuta ile amari, na jahazi linaifuata nanga yake. Likifika, nanga inang'olewa, inapakiwa tena, na kazi inaanza upya. Hivyo ndivyo majahazi yalivyotoka katika mito ya Rufiji na boriti zake upepo ukiwa mbaya, na hivyo ndivyo yalivyojinasua juu ya mafungu ya mchanga.

Mashua pia ilitangulia mbele kwenye maji yasiyojulikana, mtu mmoja akitupa bildi na kupaza sauti kina cha maji. Ilitumika kuvua, na kumkimbilia aliyeanguka baharini. Jahazi likipandishwa pwani kupigwa deheni, ndiyo iliyobeba shahamu na chokaa.

Jambo moja hapa linahitaji kuelezwa vizuri. Mbao za chombo hufungamana kwa sababu zimelowa. Zikikaa majini huvimba, na viungo hujibana. Mashua ikikaa juu ya sitaha siku ishirini chini ya jua la bahari ya Arabuni, mbao zinakauka, zinasinyaa, na mianya inafunguka. Siku ya hatari ukiitupa majini inavuja kama chujio. Ndiyo maana serahangi mwenye akili alikuwa akiimwagia maji kila siku, au akiiteremsha na kuifunga kwa kamba nyuma ya tezi, ifuate jahazi wakati bahari ni nzuri. Kuiburura nako kuna hasara: inapunguza mwendo, na wimbi kubwa likija kwa nyuma, mashua inaweza kulipiga jahazi lenyewe au kukata kamba na kupotea. Kwa hiyo kila nahodha alikuwa akipima kati ya mashua kavu iliyo salama juu na mashua iliyolowa iliyo hatarini chini. Anayedhani kazi hii ilikuwa ya kukisia tu hajawahi kuona chombo cha mbao.

Na juu ya sitaha haikukaa tupu. Ilijazwa kamba, kuku, magunia ya wali, na usiku watoto wa abiria walilazwa ndani yake kwa kuwa haina upepo. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri msimu wa 1938 na 1939 ndani ya bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, kutoka Aden mpaka Unguja na Rufiji, alikuta seremala akiunda mashua mpya juu ya sitaha huku jahazi linakwenda. Ndani ya jahazi hilo walikuwamo abiria zaidi ya mia. Hesabu hiyo izingatieni, kwa sababu mashua kubwa kabisa haibebi watu mia. Kila aliyepanda jahazi la musim, na miongoni mwao ni babu na bibi zetu, alipanda akijua kwamba likizama, mashua ni ya wachache.

Sasa turudi China, na tutaona kwamba njia ya Guangzhou ina kisa cha mashua kilicho cha kale kuliko vyote ninavyovijua.

Waarabu waliuita mji ule Khanfu. Mfanyabiashara wa Kiomani Abu Ubayda Abdullah bin al-Qasim alifika China katika karne ya nane, na msikiti wa Huaisheng, ulio mwendo wa kama dakika ishirini kwa miguu kutoka Yide Lu, una mnara ambao zamani ulikuwa ukiwaongoza wenye vyombo waliokuwa wakipanda mto. Katika karne ya kumi nahodha Buzurg bin Shahriyar, Mfursi wa Ramhormuz, alikusanya hadithi za mabaharia wa Siraf, Basra na Oman katika kitabu cha Ajaib al-Hind, yaani Maajabu ya India. Humo mna habari za nahodha Abhara. Alikuwa mchunga kondoo wa Kirman, akawa mvuvi, akawa baharia, akawa nahodha, na alikwenda China mara saba katika zama ambazo kwenda na kurudi salama kulikuwa muujiza.

Kisa kinasema hivi. Nahodha Shahriyari alikuwa safarini kwenda China. Katika bahari iliyo karibu na China, upepo ukiwa umetulia, wakaona kitu cheusi juu ya maji. Akawatuma mabaharia wanne katika mashua ndogo, ile iliyoitwa dunij. Wakarudi na habari ya ajabu: ni Abhara, amekaa peke yake ndani ya matyal, mashua ya jahazi lake, na kiriba cha maji tu. Mbona hamkumchukua? Wakasema, amekataa. Anasema hatopanda isipokuwa apewe unahodha na dinari elfu moja.

Shahriyari akamwendea mwenyewe na wafanyabiashara wake. Abhara akawaambia hali yenu ni mbaya kuliko yangu. Walifikiri amerukwa na akili, mtu aliye katika kigogo katikati ya bahari anawahurumia walio katika jahazi zima. Lakini jina lake lilikuwa kubwa, wakakubali. Alipopanda, amri yake ya kwanza ikawa mizigo mizito itupwe. Kisha mlingoti mkubwa ukatwe. Kisha nanga nzito nazo ziachwe. Watu walilia juu ya mali yao. Siku ya tatu wingu likasimama kama mnara, likayeyuka, na tufani ya bahari ya China ikawapiga siku tatu mchana na usiku. Jahazi, kwa kuwa lilikuwa jepesi, likapanda na kushuka juu ya mawimbi halikuzama. Wakafika China, wakauza, wakanunua, wakatia mlingoti mpya.

Wakati wa kurudi, walipofika karibu na pale walipomkuta, Abhara akaamuru mashua iteremshwe na iende kwenye miamba fulani ikazilete nanga walizoziacha. Mabaharia wakaenda, wakazikuta. Ndipo akawaeleza: alijua kwamba siku za mwisho wa mwezi maji ya mahali pale hupwa sana na miamba inatokeza, na jahazi lake mwenyewe lilikuwa limevunjikia hapo hapo. Yeye alipona kwa ile mashua.

Mimi nimeisoma hadithi hii mara nyingi na kila mara nashangazwa na kitu kimoja. Mashua inatokea mara tatu. Mara ya kwanza imebeba mtu mmoja aliyenusurika, mara ya pili inatumwa kuuliza, mara ya tatu inaokota nanga. Ukiziondoa mashua, hakuna hadithi na hakuna jahazi.

Karne nne baadaye Ibn Battuta alifika kwetu kabla ya kufika kwao. Mwaka 1331 alipotia nanga Mogadishu aliona sambuki ndogo zinatoka mjini kulilaki jahazi, na katika kila moja vijana waliochukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kusema huyu ni mgeni wangu. Hizi hazikuwa mashua za jahazi bali za mji, lakini kazi ni ile ile: maji yaliyo baina ya nanga na nchi kavu ndipo mgeni anapopata mwenyeji. Alipofika Calicut, katika India, aliona merikebu za Kichina, na akaandika kwamba kila kubwa lilifuatwa na vyombo vitatu vidogo vilivyoitwa nusu, thuluthi na robo. Merikebu aliyokuwa asafiri nayo ilivunjwa na dhoruba, na chombo kidogo kilichokuwa na vitu vyake kikaondoka bila yeye, kwa sababu alibaki pwani kusali Ijumaa. Alifika China hatimaye, na mji wa Guangzhou akauandika kwa jina la Sin al-Sin.

Sasa simameni mwisho wa magharibi wa Yide Lu, pale mtaa unapokutana na barabara ya Renmin, mtazame mbele kidogo. Karibu na hapo, palipo leo bustani ya utamaduni ya mji, palikuwa na maghala na nyumba za wafanyabiashara wa kigeni, zile zilizoitwa Nyumba Kumi na Tatu. Kuanzia 1757 mpaka 1842 Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari hii peke yake. Lakini merikebu zao hazikufika hapo. Mto ni wa kina kidogo, na sheria nayo ilikuwa na mipaka yake, kwa hiyo zilitia nanga Huangpu, waliyoiita Whampoa, kiasi cha kilomita 20 chini ya mto. Chai, hariri na vyombo vya kauri vilishuka kwa matishali ya Kichina. Manahodha, makarani, barua na mabaharia wa likizo walikwenda na kurudi kwa mashua za merikebu zao, saa kadhaa za makasia kila upande, wakisubiri maji yajae ili yawasukume.

Serikali ya China iliifahamu mashua vizuri kuliko wageni wenyewe. Miongoni mwa kanuni walizowekewa ni kwamba mgeni hana ruhusa ya kupiga makasia mtoni kwa matembezi apendavyo. Ukimzuia mgeni mashua yake, umemfunga katika nyumba yake bila ya kutia kufuli. Mto wenyewe ulikuwa wa watu wa maji, familia zilizozaliwa na kufa ndani ya sampani. Wengi wanalifasiri neno hilo kuwa mbao tatu, na kwa chombo cha aina ile mbao tatu zinatosha: moja chini, mbili ubavuni. Merikebu za Kichina nazo zilibeba sampani juu ya sitaha, kama za kwetu zilivyobeba mashua. Nyumba Kumi na Tatu ziliungua Desemba 1856.

Kuna kisa kimoja kinachoiunganisha mito hiyo na Oman, na nadhani watoto wetu wangefundishwa shuleni wangekipenda. Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na mjumbe wa Marekani alikuwa Edmund Roberts. Miaka miwili baadaye Roberts alirudi na mkataba uliothibitishwa, ndani ya manowari iitwayo Peacock. Usiku wa tarehe 21 Septemba 1835 Peacock ilipanda juu ya mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Wakatupa mizinga, wakatupa vitu vizito, kama alivyoamuru Abhara. Watu wa vyombo vidogo wakaanza kuizunguka manowari ile kwa nia isiyo njema.

Ndipo mashua ya manowari ikateremshwa. Akapanda Roberts pamoja na afisa kijana William Taylor na mabaharia wachache, na mkataba wa dola mbili. Wakaelekea Maskati kando ya pwani ya Oman, ambayo wakati wa mabaki ya kusi haina huruma kwa chombo cha wazi. Ilikuwa safari ya zaidi ya siku nne. Walifika wamechoka, wamechomwa na jua. Sayyid Said hakuuliza mengi. Alitoa amri msaada uende kwa bahari na kwa nchi kavu, na jahazi lake la vita la Sultana likatoka na maji na chakula. Peacock yenyewe ilikuwa imeshajinasua baada ya kupunguzwa uzito, wakakutana njiani. Ni Sultana ile ile iliyotia nanga New York mwezi wa Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Naaman.

Roberts aliendelea na safari kuelekea mashariki, akaugua, na tarehe 12 Juni 1836 alifariki Macao, kwenye mlango wa mto huu huu wa Guangzhou. Kaburi lake liko huko. Kila ninaposoma juu ya uhusiano wa Oman na Marekani naona picha za Sultana na za zawadi za farasi na mapambo. Ile mashua iliyochukua mkataba kutoka Masirah haijachorwa na mtu.

Mfano wa karibu zaidi mnaupita kwa gari. Jahazi la Sohar lililoko kwenye mzunguko karibu na hoteli ya Al Bustan, Maskati, liliundwa Sur mwaka 1980 kwa kushonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja. Liliondoka Maskati Novemba 1980 chini ya Tim Severin likiwa na mabaharia wa Kiomani, na Julai 1981 likafika Guangzhou. Ukumbusho wake umewekwa ng'ambo ya kusini ya mto, Zhoutouzui, si mbali na Yide Lu, na nawashauri mnaokwenda kununua bidhaa mpite hapo hata dakika kumi. Mwaka 2010 Jewel of Muscat nalo lilikwenda mpaka Singapore, limeundwa kwa mfano wa jahazi la karne ya tisa lililogunduliwa 1998 chini ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, likiwa na vyombo vya kauri vya China kiasi cha elfu sitini.

Hapo nina malalamiko yangu madogo. Tumejifunza tena kushona jahazi, jambo la kujivunia. Lakini nenda kwenye makumbusho yoyote ya bahari ya Ghuba, utaona jahazi limesimama peke yake, limepakwa mafuta linang'ara, na mashua haipo, au ipo pembeni chini ya mti, haina hata kibao cha jina. Mtoto anatoka hapo akiamini kwamba nahodha alikuwa akishuka kwa ngazi.

Na kazi hazijafa, zimebadilika umbo. Majongoo ya pwani na mapezi yanayouzwa Yide Lu hayakuvuliwa na meli kubwa yote. Mengi ya aina hiyo, popote katika bahari ya Hindi, yanatoka kwa wazamiaji walioteremka kutoka chombo kidogo, na chombo hicho kidogo mara nyingi kilifika pale kikiwa kimefungaswa au kimebebwa na kikubwa zaidi. Utaratibu ni ule ule wa Malabar na Malindi, isipokuwa kasia limekuwa mashine na mbao zimekuwa faiba. Faiba haivimbi wala haisinyai, na hilo lazima tulikubali kuwa ni faida. Mwenye kumwagia mashua maji kila asubuhi hana kazi tena.

Lakini hesabu ya Bayan imebaki. Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zilipiga simu usiku kucha. Miongoni mwa waliotangulia kufika kuokoa ni wavuvi wa Nungwi na vyombo vyao vidogo.

Nilimsomea ami sehemu kubwa ya haya kabla ya kuyachapisha. Alinisahihisha majina mawili ya kamba, akanambia nimeizidishia sifa hori, kwa sababu hori likipigwa na wimbi la ubavu hupinduka hata ukiwa na nahodha wa Sur ndani yake. Kisha akaniomba kile kijimashua kilichobanduka. Nikamtolea mfukoni na gundi niliyonunua.

Gundi hakuitaka. Alimwita mjukuu wake, wakatafuta uzi mweupe kwenye kikapu cha cherehani, akafunga ncha moja kwenye mashua na ncha nyengine kwenye tezi, akaiacha juu ya kabati shubiri mbili nyuma ya jahazi.

"Leo bahari nzuri," alimwambia mtoto. "Kukichafuka utanisaidia kuipandisha."